Shangazi wa Stendi

Mwadila! Leo nazungumzia usafirishaji haramu wa watoto, na wanaonifahamu wanajua nitaanza na stendi. Nivumilieni.

Alfajiri moja nangoja basi la Dar es Salaam, nikaona mabinti wanne wamekalia begi moja. Watu wanne, begi moja! Mkubwa wao kwa kumtazama hajafika 15. Mnakwenda wapi? "Kwa shangazi." Shangazi mwenyewe yuko kwa mama ntilie, anakunywa chai, tiketi tano mkononi. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza: huyu wa gauni la kijani anaitwa nani? Akamtazama. "Huyo... si huyo mdogo." Shangazi gani hamjui mtoto wa kaka yake?

Nikamwita askari. Mama wala hakutetereka. Akapiga simu kisiwani Ukerewe, akaweka spika, baba wa binti mmoja akasema nimemruhusu mwenyewe, anakwenda kazi za ndani. "Basi mama, mzazi karidhia," askari akaniambia. Basi likaondoka. Nikabaki mimi na chai ya yule mama, nayo hakuilipia.

Najua kuna mzee hapo anajiandaa kusema, "Mbona sisi wote tulilelewa kwa ndugu?" Ndiyo, mzee wangu. Hata mimi nilikaa kwa mjomba Sengerema, maji nilichota mpaka utosi ukaota sugu. Lakini mjomba alijua jina langu, na shule nilikwenda. Usinichanganyie malezi na biashara.

Tunayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Haisemi lazima uvuke mpaka. Ukerewe hadi Dar es Salaam inatosha. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na ridhaa haimwokoi aliyemchukua ili akatumikishwe. Kasoro yake ilikuwa bei: aliyesafirisha mtoto aliweza kupigwa faini, kuanzia shilingi milioni 5, badala ya kufungwa. Yaani gharama ya biashara! Marekebisho ya 2022 yakauziba mwanya huo, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni.

Lakini kifungo kinamngoja aliyekamatwa, na shangazi hakamatwi. Ninachodai kiandikwe: anayesafiri na mtoto asiye wake awe na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na kondakta asiyeiulizia ashitakiwe. Mtasema urasimu. Haya, pakia magunia ya dagaa uone utakavyodaiwa kibali na stakabadhi ya ushuru! Dagaa ana karatasi, binti hana. Na sasa kwenye njia ya Geita daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hata ile foleni ya kivuko ambako mtu angeweza kuuliza swali haipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Migodi ya Geita niliiandalia kurasa mbili, tuache. Wenye gesti nao nawaruka, bahati yao. Ila mashahidi, dakika moja tu: kesi inaahirishwa mara tatu, binti amesharudi kisiwani. Nauli yake ya kuja mahakamani mara ya nne analipa nani, baba yuleyule wa spika?