Telekonveta au tyubu? Kupiga picha za vitu vidogo Moshi na Arusha

AIKANDE: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Moshi, mvua imekatika tangu asubuhi na mlima umefunguka wote. Swali letu limetoka kwa kijana wa Usa River. Ana kamera na lenzi mbili, moja ya milimita 50, nyingine ile ya 70 hadi 300. Anapenda wadudu na maua madogo, lakini lenzi ya makro, ile iliyotengenezwa kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu, imemshinda bei. Anauliza anunue telekonveta au tyubu, vifaa vya kufunga kati ya kamera na lenzi. Kaka Eliud, mjibu mdogo wako.

ELIUD: Kabla hajatoa hela ajiulize jambo moja: hicho anachotaka kukipiga kinakimbia au kimetulia? Akishapata jibu, mengine yote yanajipanga.

AIKANDE: Tuanze na tyubu.

ELIUD: Tyubu ni pete tupu, ndani hamna kioo hata kimoja. Unaifunga kati ya kamera na lenzi, lenzi inakaa mbali zaidi na sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha, basi inaweza kufokasi kitu kilicho karibu kuliko kawaida yake. Seti nyingi zina pete tatu: milimita 12, 20 na 36. Hesabu yake nyepesi, unagawanya urefu wa tyubu kwa urefu wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, na jibu ndilo ukuzaji unaoongezeka. Funga ya 12 na ya 36 pamoja, una 48. Kwenye lenzi ya 50 hapo umeshakaribia ukubwa halisi, yaani mdudu wa sentimita moja anajaza karibu sentimita nzima kwenye sensa.

AIKANDE: Pete hizohizo kwenye ile ya 300?

ELIUD: 48 kwa 300, nyongeza haifiki hata sehemu moja ya sita. Wengi wanaosema tyubu hazifai walizifunga kwenye lenzi ndefu wakitegemea makubwa. Hata hivyo si bure, maana lenzi ndefu yenye tyubu inakubali kusogea karibu kidogo. Ukienda Ziwa Duluti kupiga kereng'ende kwenye matete, hiyo kidogo inakutosha. Ila ukishafunga tyubu, vya mbali huvipati tena. Ukitaka kugeuka upige Meru, lazima uifungue kwanza.

AIKANDE: Na kuna suala la nafasi, dada zangu na kaka zangu. Lenzi ya 50 ikishafungwa tyubu zote hizo, kati ya kioo na mdudu zinabaki sentimita chache tu. Kipepeo gani atakusubiri hapo? Kivuli cha lenzi peke yake kinamfukuza, na hata asipokimbia, kivuli hichohicho kinamnyima mwanga.

ELIUD: Ndipo telekonveta inapoingia. Hii ina vioo ndani, inakuza picha mara 1.4 au mara 2, na umbali wa karibu kabisa wa kufokasi unabaki uleule. Unabaki ulipo, kipepeo anakua. Bei yake ni mwanga: ya 1.4 inakula nusu, ya 2 inakuachia robo. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikipanda mwanga unapungua. Lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11, na kwa kamera nyingi za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, fokasi ya otomatiki haifanyi kazi hapo. Halafu kama lenzi yenyewe ina ukungu kidogo, telekonveta inaukuza na ukungu huo.

AIKANDE: Sasa kwa 70 hadi 300 ya kijana wetu?

ELIUD: Asinunue. Telekonveta nyingi za watengenezaji wenyewe zina kioo kinachochomoza mbele, haziingii nyuma ya kila lenzi, na 70 hadi 300 nyingi za bei ya kawaida hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Telekonveta inang'aa ukiwa na lenzi nzuri tayari, tuseme 70 hadi 200 ya f/2.8, au makro ya 100 iliyomo kwenye orodha hiyo. Makro inayotoa ukubwa halisi ukiiwekea ya mara 2, unapata ukubwa mara mbili bila kusogea hata hatua.

AIKANDE: Kwa hiyo tyubu. Ila hapa nisisitize, kwa sababu sokoni kuna za aina mbili. Angalia ndani ya pete: kuna vidoti vya shaba vya kupitisha umeme au hakuna? Zisizo navyo ni rahisi sana, lakini lenzi za kisasa hazitapata amri ya kamera. Lenzi nyingi tundu lake linabaki wazi kabisa. Kwa f/1.8 katika ukubwa halisi, sehemu iliyo kali haifiki hata robo ya milimita. Jicho la nzi litakuwa safi, miguu yote imepotea. Kama una lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono, hapo nunua ya rahisi bila wasiwasi.

ELIUD: Hata kwa f/8, ukiwa kwenye ukubwa halisi unapata kama milimita moja tu. Kwa hiyo usihangaike na pete ya fokasi. Iache, sogeza kamera yenyewe mbele na nyuma polepole, bonyeza jicho linapokuwa kali. Viwiko vibane mbavuni.

AIKANDE: Mimi kwa tyubu ninapenda maua. Kuna Impatiens kilimanjari, ua dogo jekundu lenye njano, nyuma limejikunja kama mkonga wa tembo. Duniani kote linaota Kilimanjaro tu, ndani ya msitu wa mvua. Ukipanda njia ya Marangu, kabla ya kufika kambi ya Mandara, tazama kandokando penye unyevu. Ua halikimbii, shida ni giza la msitu. Katika ukubwa halisi tyubu nazo zinakula mwanga, inabaki robo. Beba tripodi, au flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe ili mwanga ulainike.

ELIUD: Na kinyonga wa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, je?

AIKANDE: Kinyonga ana mwendo wa pole, lakini ukimsogelea sana anazunguka upande wa pili wa tawi. Huyo mpe lenzi ndefu na tyubu moja.

ELIUD: Kuna mwingine ameuliza kuhusu tanzanaiti. Yuko Arusha, anauza mawe, wateja wanataka picha. Hapo hata usifikirie telekonveta, jiwe limetulia mezani. Lenzi ya 50, tyubu, tripodi.

AIKANDE: Na aligeuze. Tanzanaiti upande mmoja ni bluu, upande mwingine zambarau. Apige pande zote mbili, mteja aone kilichopo.

ELIUD: Mwanga pia. Chini ya balbu ya zamani ya njano jiwe linavuta zambarau, kwa mwanga wa mchana linavuta bluu. Apige dirishani, na chini ya picha aandike ni mwanga gani, maana jiwe likifika kwa mnunuzi na rangi tofauti, ugomvi unaanzia hapo.