Sindano ya Ng'ombe na Miti ya Serengeti

Mhadhara kwa walimu wa biolojia wa shule za sekondari

Walimu wenzangu, wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Kabla ya kufika hapa nimepita buchani nikanunua mfupa wa paja la mbuzi. Huu hapa. Nimemwomba muuzaji aupasue kwa urefu. Mlioko mbele tazameni ndani: uboho wake ni mweupe, mzito, unateleza vidoleni kama samli iliyoganda. Mbuzi huyu alikuwa akila vizuri hadi siku aliyochinjwa. Naomba muukumbuke uboho huu, maana nitaurudia.

Tumeitana hapa kuzungumzia ikolojia ya idadi za viumbe na ya jamii zao. Darasani huwa tunaanza na fasili: idadi ni hiki, jamii ni kile. Wanafunzi wananakili, wanafunga daftari, na mtihani ukipita yamekwisha. Mimi naamini somo zima linabebwa na swali moja ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: mbona wako wengi hivi? Kwa nini wasizidi, na kwa nini wasipungue?

Leo swali hilo nalielekeza kwa nyumbu wa Serengeti. Mwaka 1961 walihesabiwa kutoka angani wakakadiriwa kuwa 263,000. Mwaka 1977 walikuwa karibu milioni 1.4. Yaani ndani ya miaka 16 waliongezeka zaidi ya mara tano. Pigeni hesabu mtaona ni kama asilimia 11 kila mwaka. Haionekani kubwa, lakini kwa mwendo huo idadi hujirudufu kila baada ya miaka sita na nusu hivi, na kama ungeendelea, kufikia 2017 Serengeti ingekuwa na nyumbu karibu milioni 90. Hawapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi yao imekuwa ikizungukia milioni 1.3, ikipanda na kushuka.

Kwa hiyo tuna maswali mawili. Kitu gani kiliwafungulia mlango baada ya 1961? Na kitu gani kiliufunga tena?

La kwanza linaturudisha nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, ugonjwa wa sotoka ulipoingia pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Wazee wetu wafugaji wanalijua jina hilo vizuri. Ng'ombe wa huku hawakuwa na kinga yoyote. Sotoka ilishuka kusini haraka, na kufikia 1891 ilikuwa imekwishaingia Umasaini. Kati ya ng'ombe kumi walikufa tisa, pengine na zaidi. Wamasai wanauita wakati ule Emutai, maangamizi. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akaeleza aliyoyaona: watu waliobaki mifupa mitupu, watoto wasio na nguvu ya kusimama. Mtu akiwaambia wanafunzi wenu kwamba ikolojia ni habari za ndege na maua, wasomeeni hayo.

Sotoka haikuishia kwa ng'ombe. Nyati walikufa, na nyumbu walikufa. Baadaye ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka, ikichagua wa kumuua. Ndama wa nyumbu akizaliwa hupata kinga kwenye dang'a la mama yake, na kinga ile humlinda kwa miezi kadhaa. Ikiisha, anabaki wazi. Ndiyo maana waliokuwa wakifa ni wale wa karibu mwaka mmoja, wakati kundi limekwishawalea na linangoja wakue wazae. Idadi inayopoteza vijana wake kila mwaka haiwezi kupanda, hata majike wazae kiasi gani.

Watu wengi waliamini kwamba wanyamapori ndio waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 madaktari wa mifugo waliwachanja ng'ombe kuizunguka Serengeti. Nyumbu hakuna aliyemchoma sindano hata mmoja. Lakini kufikia mwaka 1963 hivi ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu wenyewe! Kumbe kirusi kilikuwa kikiishi kwa ng'ombe na kumwagikia porini; chanzo kilipozibwa, kule mbele kukakauka. Hapahapa kwetu, Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ambayo baadaye iliusukuma ugonjwa huu hadi ukingoni, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa.

Mtu makini ataniuliza: tunajuaje kwamba ni sotoka, si mvua tu? Mvua za kiangazi za miaka ya 1970 zilisaidia kweli, sikatai. Ila mwangalieni pundamilia. Anaishi na nyumbu bega kwa bega, anakula nyasi zilezile, ananyeshewa mvua ileile, na anawindwa na simba walewale. Katika kipindi chote hicho pundamilia walibaki kama 200,000. Tofauti ni kwamba pundamilia hacheui, na sotoka ni ugonjwa hasa wa wanyama wanaocheua. Nyati, anayecheua, aliongezeka kama nyumbu. Hilo ni jaribio lililofanywa na maumbile yenyewe. Nawasihi, mkifundisha jambo moja tu katika haya, fundisheni hilo la pundamilia, maana linamwonyesha mwanafunzi ushahidi unavyopatikana mahali ambapo huwezi kuweka maabara.

Sasa turudi kwenye mfupa.

Mnyama akikosa chakula huanza kutumia mafuta ya chini ya ngozi, kisha yaliyozunguka figo, na mwisho kabisa ya kwenye uboho. Ukimpasua mfupa nyumbu aliyekufa mwishoni mwa kiangazi, mara nyingi hutaona weupe huu wa mbuzi wangu. Utaona kitu chekundu, chenye majimaji, kinachotikisika kama uteute. Maana yake akiba ya mwisho ilikwisha kabla yeye hajafa. Hata kama simba ndiye aliyemwangusha, mfupa unakwambia alikuwa amebakiza siku chache. Simon Mduma, mtafiti Mtanzania, pamoja na Anthony Sinclair na Ray Hilborn, mwaka 1999 walichapisha kumbukumbu za miaka 40 za nyumbu hawa, na walipochambua vifo waliona karibu robo tatu vinatokana na lishe duni.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Nyasi mbichi za kiangazi ni sufuria moja ya ugali: wakila watu watano wanashiba, wakila hamsini kila mmoja anapata tonge. Kadiri nyumbu wanavyozidi ndivyo tonge la kila mmoja linavyopungua na vifo vinavyoongezeka, hadi wanaokufa wanalingana na wanaozaliwa. Kiwango hicho wanaikolojia hukiita uwezo wa eneo kuhimili, nasi ubaoni tunakiandika K. Kosa letu walimu ni kukichora kama dari la zege. K hupanda na kushuka pamoja na mvua. Mwaka 1993 ulikuja ukame mkali, na nyumbu wakashuka hadi kama 900,000. Wingu likirudi, nao wakarudi.

Na simba je? Mbona simba na fisi hawawapunguzi nyumbu? Kwa sababu nyumbu wanahama. Masika wako kusini kwenye nyasi fupi, huko Ndutu na kwingineko. Kiangazi wako kaskazini, ng'ambo ya Mto Mara. Simba mwenye watoto hawezi kuwafuata, ana eneo lake la kulinda. Anasubiri, na kwa miezi mingi anaishi kwa wachache waliobaki. Idadi ya simba basi inafungwa na miezi ya njaa. Tena nyumbu huzaa karibu wote kwa pamoja, wengi wao ndani ya wiki tatu hivi. Nimewahi kukaa Ndutu mwezi wa pili asubuhi moja nikimtazama jike akizaa. Ndama alianguka akiwa bado ana utando kichwani, akajaribu kusimama mara tatu akipiga magoti, mara ya nne akasimama, na nilipotazama saa hazijapita dakika kumi. Akaanza kukimbia kabla miguu haijanyooka sawasawa. Fisi walikuwa palepale, wameshiba, wamelala. Ndama ni wengi mno kwa siku zile chache. Fisi hana tumbo la kuwamaliza.

Mpaka hapa tumezungumzia aina moja ya mnyama. Tukipanua jicho tunaingia kwenye jamii, yaani viumbe wote wanaoishi mahali pamoja wakilana, wakinyang'anyana na kufaana. Nyumbu milioni moja na zaidi wanakula nyasi nyingi sana. Nyasi zikiliwa, moto hauna cha kuunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Serengeti iliungua kila mwaka. Nyumbu walipoongezeka, eneo linaloungua likapungua. Miche ya migunga, ambayo awali moto uliifyeka kila mwaka ikiwa bado fupi, ikapata nafasi ya kupita urefu wa ndimi za moto. Miti ikarudi. Kupungua kwa tembo kwa sababu ya ujangili kulichangia pia, lakini moto ndio uliobeba uzito mkubwa. Fuateni uzi huo tangu mwanzo: sindano kwenye shingo ya ng'ombe kijijini, nje ya mpaka wa hifadhi, na miaka ishirini baadaye kuna mgunga uliosimama pale palipokuwa na majivu.

Uzi wa namna hiyo unaweza kuvuta upande mwingine pia. Ukame wa 1993 niliousema uliwadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba wakawala nyati hao, wakapata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Mwaka 1994 kirusi cha ugonjwa wa mbwa uitwao distemper (si kichaa cha mbwa), kinachohusishwa na mbwa wa vijiji vya pembezoni, kikawafikia simba wale waliokwisha kudhoofika. Karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Kirusi peke yake kilikuwa kimewahi kupita kwa simba bila maafa. Ukame peke yake pia walikuwa wameuvuka. Vilipokutana ndipo vikaua.

Tutapumzika, kisha nitapokea maswali. Mfupa nauacha hapa mezani. Ukikaa mpaka mchana utabadilika rangi kwa joto, kwa hiyo anayetaka kuushika aje sasa hivi.