Baada ya Sherehe ya Luano: Kumuuguza Mume Aliyepandikizwa Figo

TRÉSOR: Wasikilizaji wetu wapenzi, karibuni tena katika kipindi chetu kutoka hapa Lubumbashi. Leo hatukualika mgeni, kwa sababu mwenye habari ni mwenzangu mwenyewe wa kipindi. Yaya Mireille, mume wako alipandikizwa figo nchini India miaka mitatu iliyopita, nami ningependa tuiache safari yenyewe pembeni, tuzungumzie yale yaliyowapata mliporudi nyumbani.

MIREILLE: Asante, ndugu yangu. Baba watoto ameniruhusu kuzungumza, isipokuwa mambo mawili ambayo tumekubaliana yabaki chumbani kwetu. Nianze na siku tuliyotua Luano, uwanja wetu wa ndege. Ukoo mzima ulikuja kutupokea kwa nyimbo, na mzee mmoja akasimama akatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Nilishangilia pamoja nao, ingawa nilikuwa nimekwisha kuambiwa na daktari kwamba mwili hautaacha kamwe kuitambua figo ile kuwa ni mgeni, na kwamba kwa sababu hiyo mume wangu atameza dawa za kushusha kinga kila baada ya saa kumi na mbili, maisha yake yote. Sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha mzee mbele ya watu, na kosa hilo lilitugharimu baadaye, kwa maana ndugu waliamini kwamba tahadhari zangu zote ni za mwanamke anayejitafutia makuu.

TRÉSOR: Matatizo yenyewe yalianza lini?

MIREILLE: Mwezi wa tano. Alipata homa na kikohozi, na wewe unajua mji wetu: homa yoyote ni palu, yaani malaria, mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha palu hakikuonyesha kitu, kwa hiyo shemeji yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaenda kwenye duka la dawa la mtaani akaleta erithromisini, dawa ya kuua bakteria. Homa ilipungua, tukamshukuru Mungu. Siku ya tano mikono ya mume wangu ilianza kutetemeka hata chai ikamwagika kwenye sahani, akalalamika kichwa, na mkojo ukapungua. Tulipopima kreatinini, ile taka ya damu ambayo hupanda figo ikishindwa kuichuja, na ambayo tulirudi nayo kutoka India ikiwa 1.3, tuliikuta imefika 2.6.

TRÉSOR: Msikilizaji atajiuliza, dawa ya kikohozi inaidhuru figo kwa njia gani?

MIREILLE: Nami niliuliza hivyo hivyo, na jibu nililopewa ningependa kila mwenye mgonjwa wa namna hii alishike. Dawa yake kuu ya kushusha kinga inaitwa takrolimusi, na ini ndilo linaloivunja na kuiondoa mwilini. Erithromisini inalizuia ini kufanya kazi hiyo, kwa hiyo takrolimusi hurundikana katika damu, na ikizidi inaiumiza figo ile ile ambayo dawa hiyo ilitumwa kuilinda. Baadhi ya dawa za fangasi hufanya vivyo hivyo, na hata tunda la balungi limo katika orodha ya makatazo. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake: inaiharakisha takrolimusi kutoka mwilini, na kinga ya mwili ikipata nafasi huishambulia figo. Hakuna aliyefanya ubaya nyumbani kwetu. Ni kwamba muuza dawa hakuulizwa, naye hakuuliza.

TRÉSOR: Kwa hiyo mgonjwa wa figo akipata homa leo usiku?

MIREILLE: Anakwenda hospitali usiku huo huo. Palu apimwe, ndiyo, kwa sababu nayo yaweza kuwapo, lakini kipimo cha palu kisiwe mwisho wa uchunguzi, na hata dawa ya palu yenyewe isimezwe kabla ya daktari kuiona orodha ya zile nyingine. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa anaweza kuwa na maambukizi makubwa huku homa ikiwa ndogo tu. Na usisubiri maumivu, kwa sababu figo inaweza kukataliwa pasipo mgonjwa kuumwa popote. Kinachoonekana ni uzito unaopanda kwa siku mbili tatu, miguu inayovimba, shinikizo la damu, na ile kreatinini. Ndiyo maana nikanunua mizani na daftari.

TRÉSOR: Hilo daftari nimeliona. Lina jalada la plastiki kama la mkaguzi wa forodha kule Kasumbalesa.

MIREILLE: Cheka tu. Daftari hilo limetuokoa. Damu ya kupima kiwango cha takrolimusi huchukuliwa asubuhi kabla ya dozi, na mara moja mume wangu alimeza vidonge vyake saa mbili kwa mazoea, kisha tukaenda kutolewa damu. Maabara tuliyoitumia ilikuwa ikisafirisha sampuli nje ya nchi, tukangoja siku tisa kupata tarakimu isiyo na maana. Tangu hapo, jioni ya kuamkia kipimo, ninaandika kwa wino mwekundu: USIMEZE KWANZA. Ninaandika pia jina la kiwanda cha dawa, kwa kuwa tuliwahi kubadilishiwa aina bila kuambiwa, na takrolimusi ikibadilishwa ni lazima kiwango kipimwe upya.

TRÉSOR: Yaya, na ndoa? Mara nyingi tunazungumza juu ya mgonjwa na vidonge vyake, tunamsahau mtu anayelala kando yake.

MIREILLE: Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi kuliko kreatinini. Prednisoloni, dawa yake nyingine ya kushusha kinga, ilimvimbisha uso, ikamnyima usingizi, ikampa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake katika miaka kumi na minne. Mimi nami nikawa askari. Nilikuwa ninahesabu vidonge vyake kwa siri akiwa bafuni. Siku moja akatoka ghafla, akanikuta nimevimwaga kitandani, akaniambia, «Mimi ni mume wako, si mtoto wa shule.» Hatukusemezana siku mbili. Katika siku hizo nilitambua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa akikiongoza mwenyewe, na kwamba hofu yangu ilikuwa imejivika joho la upendo. Tukagawana kazi: masanduku ya dawa ni yake, na ufunguo ni wake, daftari ni langu. Akisahau dozi ananiambia mwenyewe, nami nimeapa kutopandisha sauti, kwa sababu mgonjwa anayemwogopa mkewe ataficha dozi aliyoikosa, na dozi iliyofichwa ndiyo ya hatari.

TRÉSOR: Umewahi kushindwa kiapo?

MIREILLE: Mara mbili. Moja ilikuwa Oktoba, joto likiwa kali na umeme haupo, kwa hiyo ninajisamehe.

TRÉSOR: Kuna swali limetufikia kuhusu chanjo ya homa ya manjano, kwa vile mipakani wanadai kadi.

MIREILLE: Chanjo hiyo ina kirusi hai, hivyo haifai kwa aliyekwisha kupandikizwa. Apate chanjo kabla ya upasuaji, muda ukiruhusu. Baada yake anahitaji cheti cha daktari cha kusamehewa.

TRÉSOR: Na wifi yako aliyetoa figo?

MIREILLE: Mwaka wa kwanza tulimpelekea kitenge na mbuzi, tukadhani tumemaliza. Hakuna aliyemuuliza juu ya shinikizo lake la damu, ilhali mtoaji naye anapaswa kupimwa kila mwaka. Alikuwa ameanza kuumwa kichwa na hakutaka kutusumbua. Sasa wanakwenda maabara pamoja, kaka na dada, na nimemfungulia ukurasa wake mwishoni mwa daftari.