Programu Huria Ndani ya Chuma Kilichofungwa

Habari za jioni. Itifaki naomba tuseme imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi. Naona mafundi wamekaa nyuma na wanafunzi wa chuo wamekaa mbele. Ningependa iwe kinyume, kwa sababu mengi nitakayosema leo yanawahusu zaidi wanaoshika bisibisi.

Niliombwa nizungumzie programu huria, zile ambazo yeyote ana ruhusa ya kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Nitazungumzia, ila nitaanzia kwenye chuma, yaani kifaa chenyewe. Tumezoea kufundishana kwamba uhuru wa programu unakaa kwenye leseni: ukikuta leseni huria kama GPL au Apache uko huru, ukikuta masharti ya kampuni umefungwa. Kwangu hiyo ni nusu ya habari. Mtengenezaji wa kifaa anaweza kukupa msimbo wote na ruhusa zote kwa maandishi, halafu akaunda chipu kwa namna ambayo huwezi kufanya lolote na huo msimbo. Sheria hajavunja. Wala hajakudanganya.

Turudi 1981. Mwezi Agosti mwaka huo IBM walitangaza kompyuta yao ndogo, ile PC. Kikosi chao cha Boca Raton, Florida, kilikuwa na takriban mwaka mmoja tu wa kuitengeneza, kwa hiyo walikusanya vipuri vinavyouzwa sokoni: kichakataji cha Intel 8088, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Kisha wakachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya bodi, na hata msimbo wa BIOS, ile programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, ukiwa umeandikwa mstari kwa mstari. Watu huisimulia hadithi hii kana kwamba IBM walikuwa wapenda uwazi. Walikuwa na haraka, basi.

Msimbo wa BIOS ulisomeka lakini ulilindwa na hakimiliki. Compaq, kampuni changa ya Houston, wakagawa wahandisi wao mafungu mawili. Fungu la kwanza lilisoma na kuandika maelezo ya kazi ambayo BIOS hufanya. Fungu la pili, ambalo halikuwahi kuutia machoni msimbo wa IBM, likachukua maelezo hayo na kuandika BIOS mpya. Waliosoma msimbo hawakuandika BIOS, na walioandika BIOS hawakusoma msimbo. Mwishoni mwa 1982 Compaq wakatangaza kompyuta yao ya kubebeka, na mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza BIOS ya namna hiyo kwa yeyote mwenye fedha. Ukijiuliza kwa nini leo pale Kariakoo fundi anachomoa RAMu kwenye mashine ya chapa moja, anaichomeka kwenye ya chapa nyingine na inawaka, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

IBM walipotaka kurudisha kufuli walikuwa wamechelewa. Mwaka 1987 walileta PS/2 yenye njia mpya ya kuchomekea kadi, na aliyetaka kuiga alipaswa kulipia leseni. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq wakiwa mbele, zikatangaza njia yao wenyewe inayokubali na kadi za zamani. Soko la PC halikurudi tena mikononi mwa IBM.

Sasa Richard Stallman. Wengi mnamjua kama mzee wa leseni, lakini ugomvi wake ulianzia kwenye printa. Maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na Xerox printa ya leza iliyokuwa ikikwama karatasi. Printa ya awali walikuwa wameirekebishia programu, ikikwama inawatumia ujumbe wanaosubiri kazi zao. Hii mpya haikuja na msimbo, na mtu aliyekuwa nao katika chuo kingine alikataa kuutoa kwa sababu alishasaini mkataba wa kutunza siri. Septemba 1983 Stallman akatangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo endeshi huria, na 1989 ikatoka GPL ya kwanza. Kilichomsukuma ni kifaa kilichokuwa mbele yake, kibovu, ambacho angeweza kukitengeneza na hakuruhusiwa. Mafundi wa nyuma pale hisia hiyo mnaijua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa rauta, na hapa nitakaa kidogo. Linksys walikuwa na rauta ya waifai iitwayo WRT54G, ile ya bluu na nyeusi yenye antena mbili. Mwaka 2003, Cisco wakiwa ndio wameinunua Linksys, wadadisi waligundua kwamba ndani yake kuna Linux, mfumo endeshi huria. Linux iko chini ya GPL toleo la pili, na GPL inasema ukigawa programu, ugawe na msimbo wake. Kelele zikapigwa, kampuni ikatoa msimbo, na Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt. Kijisanduku cha nyumbani kikawa kinafanya kazi za vifaa vya bei mbaya: kugawa kasi kwa watumiaji, kuunganisha matawi mawili kwa njia ya siri, kuongeza nguvu ya mawimbi. Hapa leseni ilifanya kazi yake sawasawa, nami siidharau hata kidogo.

Lakini angalieni kilichofuata. Matoleo ya kwanza ya rauta hiyo, mpaka lile la nne, yalikuwa na megabaiti 4 za hifadhi na 16 za RAMu. Mwaka 2005 likaja toleo la tano: jina lilelile, umbo lilelile, hifadhi megabaiti 2 na RAMu megabaiti 8, na ndani yake Linux imetolewa, umewekwa mfumo mwingine uitwao VxWorks. Hakuna aliyegusa leseni. Chipu mbili tu zilipunguzwa ukubwa, gharama ikashuka, na kazi ya jamii nzima ikawa haina pa kukaa. Wapo waliofaulu kubanabana toleo dogo la Linux humo, lakini ilikuwa tabu tupu. Kwa haki niseme kwamba kampuni iliendelea kuuza ile ya zamani kwa jina la WRT54GL, bei juu zaidi, na iliuzwa miaka na miaka. Maana yake wateja wa uwazi walikuwepo, na walikuwa tayari kulipa.

Kisa cha pili cha aina hiyo ni TiVo, kifaa cha Marekani cha kurekodi vipindi vya televisheni. Nacho kiliendeshwa na Linux, na kampuni ilitoa msimbo kama GPL inavyotaka. Tatizo ni kwamba kifaa kilikagua saini ya kidijitali kila kilipowaka. Ukibadilisha herufi moja kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, saini hailingani, kinagoma. Ni sawa na kupewa hati ya nyumba huku ufunguo amebaki nao dalali. Stallman na wenzake wakajibu kwa GPL ya tatu, Juni 2007, inayodai kwamba vifaa vya watumiaji wa kawaida viuzwe pamoja na maelezo na funguo za kuwezesha toleo lililorekebishwa kuwaka.

Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikataa. Keneli ya Linux ipo GPL ya pili mpaka leo. Hoja yake ni kwamba yeye anadai arudishiwe maboresho ya msimbo, na chuma ni cha aliyekiunda. Namheshimu mno Torvalds, na pia keneli ina maelfu ya wachangiaji ambao kila mmoja anamiliki alichoandika, kwa hiyo kubadili leseni kungekuwa kazi ngumu hata kama angetaka. Lakini kwenye hoja yenyewe simfuati. Chuma ni cha aliyekinunua. Risiti ninayo.

Matokeo yake mnayo mifukoni. Simu ya Android inaendeshwa na keneli ya Linux, na sehemu kubwa ya kilichobaki iko chini ya leseni ya Apache. Kwa makaratasi, ni uwazi mtupu. Sasa chukua simu yoyote hapa ujaribu kuweka mfumo mwingine. Kwanza utakutana na butiloda, ile programu inayoamka kabla ya nyingine zote. Simu nyingi huja nayo imefungwa, na baadhi ya chapa hazitoi njia yoyote ya kuifungua. Ukipita hapo utakuta draiva, yaani programu za kuendesha vipuri, za kamera na za modemu ni mafaili yaliyofungwa ya mtengenezaji wa chipu, ambayo akiacha kuyahudumia, simu inabaki na toleo la zamani hata kama kioo na betri bado ni vizima.

Halafu kuna hizi simu za mkopo. Sipingi mkopo, wengi wamepata simu janja ya kwanza kwa njia hiyo. Ukichelewesha rejesho skrini inajifunga, na kufuli imeshikwa chini kabisa ya mfumo kiasi kwamba kufuta kila kitu na kuanza upya hakusaidii. Jirani yangu alimaliza deni, ana ujumbe wa kuthibitisha, na simu ikajifunga wiki mbili baadaye. Aliambiwa asubiri, mfumo unashughulikiwa. Mimi niliyejitia mtaalamu nilikaa nayo mezani na kebo, na kisheria leseni ya keneli iliyomo humo inanipa haki ya kusoma na kubadilisha kila mstari. Haki hiyo haikunisaidia kitu. Alisubiri.

Kwenye laptopu mambo ni afadhali, ingawa na huko nyufa zipo. Mteja mmoja aliniletea laptopu ya mtumba ya kiofisi, kadi ya waifai imekufa. Kadi mpya ni bei ya chakula cha mchana. Nikaichomeka, nikawasha, mashine ikatoa maandishi meupe kwamba kadi haijaidhinishwa, ichomolewe. Ndani ya BIOS kulikuwa na orodha ya kadi zinazokubalika, na hii haikuwemo ingawa ilikuwa nzima na tundu lilikuwa la kawaida. Kwa baadhi ya mashine za namna hii kuna coreboot, BIOS huria iliyoanza 1999 kwa jina la LinuxBIOS, inayofuta orodha kama hizo. Inataka kibano cha kushika miguu minane ya chipu na moyo mgumu.

Watu wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, najua mmejaa humu, msinirushie viatu. Naipenda, na tangu 2012 imefundisha vijana wengi. Ila kwenye matoleo ya awali, kabla kichakataji kikuu hakijaamka, sehemu ya chipu inayochora picha za skrini ndiyo hutangulia kusoma programu ndogo iliyofungwa, na bila hiyo Linux yako haianzi.

Kuna mahali leseni inashinda peke yake: kwenye seva, ambako chuma hakijafungwa. Agosti 2023 kampuni iliyo nyuma ya Terraform, programu ya kupanga seva, iliacha leseni huria, na Machi 2024 Redis, watu wa hifadhidata, nao wakaacha. Kila mara watumiaji walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huru wakaendelea nao, ndipo tukapata OpenTofu badala ya Terraform na Valkey badala ya Redis. Redis wenyewe wakarudisha leseni huria, AGPL, ndugu wa GPL, mwaka 2025. Hata huku kwetu ushahidi upo. Rekodi za wagonjwa kule Eldoret zilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza za OpenMRS, programu huria ya rekodi za hospitali, na DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, inakusanya takwimu za afya bila wizara kulipia leseni kwa kila kompyuta. Mifumo hiyo ingewekwa kwenye mashine zenye butiloda ya simu, nusu ya kazi isingefanyika.

Jambo la mwisho linahusu biashara zenu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM, chipu ya usalama, toleo la 2.0 na, kwa Intel, kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chipu chache. Ulaya na Marekani maofisi yanatupa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina ugonjwa, na nyingi zitatufikia. Mimi nasema zipokeeni. Linux ya aina ya Debian au Mint inakaa humo vizuri kabisa. Lakini kabla hujalipia shehena, washa kila moja uingie kwenye BIOS. Ikiomba nywila ya msimamizi, iache. Angalia kama unaweza kuzima ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka. Angalia kama RAMu inachomoka au imechomelewa kwenye bodi. Muuzaji akikuambia hayo hayana maana, muulize kama atarudisha fedha.

Nimeletewa karatasi yenye swali kuhusu RISC-V, muundo wazi wa vichakataji. Kwa kifupi: ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na kilicho wazi ni orodha ya amri ambazo kichakataji hutii. Yeyote anaweza kuunda chipu inayozitii bila kulipa leseni, tofauti na ARM, muundo ulio kwenye simu nyingi. Lakini anayeunda chipu hiyo anaweza kabisa kuifungia butiloda na kuficha draiva. Furahini, ila mkinunua bodi ulizeni maswali yaleyale.

Sasa tuhamie meza ya kulia, kuna rauta mbili nimezifungua. Mtaona tundu nne zimepangana mstari karibu na chipu kubwa; huo ndio mlango wa kuzungumza na butiloda. Nyaya tatu zinatosha: ardhi, kutuma na kupokea. Kutuma kwa huku kunaingia kupokea kwa kule. Ule wa nne ni wa umeme, msiuguse, na kebo iwe ya volti 3.3, maana ile ya volti 5 imeshaniulia bodi.