Andika ubavuni mwa kopo, usiandike kwenye kifuniko

Habari za saa hizi, ndugu mtazamaji. Leo tupo Mbozi, mkoani Songwe, kwenye shamba la mahindi lenye mteremko. Tunachukua udongo wa kupima, lakini beleshi bado sijaligusa. Tunaanza na makopo.

Sogea uone. Haya makopo mawili yana udongo niliochimba zamani, moja sehemu ya juu ya shamba, jingine chini bondeni. Ukishakauka na kuchekechwa, huwezi kuutofautisha kwa macho. Kinachobaki kukwambia upi ni upi ni maandishi tu. Yakikosewa, mkulima atabeba mifuko ya chokaa ya kupunguza asidi kupeleka kitalu, yaani sehemu ya shamba, kisichoihitaji, na kile chenye asidi kali kitaendelea kudumaza mahindi.

Kwanza, andika ukiwa nyumbani, kopo likiwa kavu na safi. Shambani kuna umande na mikono ina matope. Maka haishiki kwenye plastiki yenye unyevu.

Pili, andika ubavuni mwa kopo. Naomba hili ulishike kweli. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika kwenye vifuniko, maana ni bapa na panaandikika vizuri. Siku moja tukafungua makopo sita kwa pamoja ili tuanike, vifuniko vikarundikana pembeni. Wakati wa kufunga, hakuna aliyejua kipi ni cha wapi. Tulirudi kuchimba upya shamba zima, na mwenye shamba alikuwa ameshapoteza siku yake ya kazi.

Sasa tazama ninavyoandika: 4 K 20–50. Nne ni namba ya shamba kwenye daftari langu. K ni kitalu cha kati. Cha juu naandika J, cha chini C. Hizo za mwisho ni kina kwa sentimita. Kila kitalu kina makopo mawili, la sentimita 0 hadi 20 na la 20 hadi 50, kwa hiyo vitalu vitatu ni makopo sita. Sita na tisa zipigie mstari chini, kwa sababu kopo likigeuzwa zinabadilishana. Saba ikate katikati isifanane na moja. Ukimaliza, bandika selotepu ya wazi juu ya maandishi.

Tatu, lebo ya pili inakaa ndani. Kata kipande cha karatasi, andika maneno yaleyale kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida ukipata unyevu unasambaa, penseli inabaki. Kitie kwenye kimfuko kidogo cha plastiki, kisha weka juu ya udongo.

Tukiwa kitaluni, toa kopo la kitalu hicho na kina hicho peke yake, mengine yabaki ndani ya boksi. Chimba sehemu kumi hadi kumi na tano ukienda kwa kupinda-pinda, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ya bati inaweza kuongeza zinki kwenye sampuli. Jaza takriban nusu kilo. Kabla ya kufunga, soma kopo kwa sauti, mwenzako aandike daftarini: namba, tarehe, zao lililokuwepo, mbolea iliyowekwa. Piga picha kopo likiwa limesimama palepale kitaluni.

Hatari kubwa ipo kwenye kuanika. Tandaza udongo kivulini, kila mmoja kwenye karatasi yake, na kopo lake tupu likae juu ya karatasi hiyohiyo pamoja na ile lebo ya ndani. Ukihamisha karatasi, hamisha na kopo.

Kabla ya kupeleka maabara, hesabu makopo, hesabu mistari ya daftari. Nakili orodha, iweke ndani ya boksi. Na ukikuta kopo lisilosomeka, wala lebo ya ndani haipo, usikisie hata kama unahisi unalijua. Mwaga, rudi kachimbe tena.