Saladi ya The Dalles

Wanafunzi wangu na wageni wetu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa niseme juu ya ugaidi wa kibayolojia, na najua wengi mmekuja kusikia habari za kimeta na ndui. Mimi nitaanza na saladi.

Septemba 1984, katika mji mdogo wa The Dalles, kaunti ya Wasco, jimbo la Oregon, Marekani, watu walianza kuharisha, kutapika na kupandwa na homa. Wimbi la kwanza likapita, likaja la pili, kubwa zaidi. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 751, na 45 kati yao wakalazwa. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Kimelea kilikuwa salmonela, na wengi walikuwa wamekula saladi za kujipakulia kwenye migahawa 10.

Wachunguzi walitafuta chakula au kinywaji kimoja kilichowaunganisha wagonjwa wote, wasikipate. Lawama ikawaangukia wapishi na wahudumu, kwamba hawazingatii usafi. Hapa ndipo ninapoumia kila nikisimulia kisa hiki. Wafanyakazi wengi nao walikuwa wameugua! Kumbe walikuwa wahanga, tena wakabebeshwa kosa la mtu mwingine.

Ukweli ulitoka Septemba 1985, na haukutoka maabara. Wafuasi wa Bhagwan Shree Rajneesh, kiongozi wa kiroho kutoka India, waliokuwa wamejenga mji wao katika kaunti hiyohiyo ya Wasco, walifarakana, na kiongozi wao akawataja hadharani wasaidizi wake waliokuwa wamekimbia. Wapelelezi walipopekua maabara ya jumuiya ile wakakuta salmonela inayolingana na ya wagonjwa. Wahusika walikuwa wametia vimelea hivyo kwenye saladi, wakitaka wapiga kura wa kaunti walale kitandani siku ya uchaguzi wa Novemba 1984, ili wagombea wao wapite.

Na vimelea walivipataje? Walivinunua. Kliniki yao ilikuwa na maabara yenye kibali, ikaagiza kama maabara nyingine yoyote. Naomba mlitafakari hilo kidogo. Tukimuwaza gaidi tunamwona akivunja kufuli usiku, na hawa walipita mlango wa mbele, mchana, kwa stakabadhi.

Mwaka 1995 mtu mmoja wa Ohio aliagiza bakteria wa tauni kwa posta, akijifanya ana maabara. Sheria ya wakati ule haikumkataza raia kuwa nao, kwa hiyo alipatikana na hatia ya udanganyifu tu. Mwaka uliofuata ndipo Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kudhibiti usafirishaji wa vimelea hatari kati ya maabara na maabara.

Aliyemfichua mtu huyo wa Ohio hakuwa jasusi. Yule bwana alipiga simu kwa muuzaji kulalamika kwamba mzigo umechelewa, na waliozungumza naye wakahisi kwamba haijui kazi anayodai kuifanya. Ninyi mtakaokaa kwenye madawati ya kupokea oda za vimelea, simu ya namna hiyo itaanza kama malalamiko ya mteja yeyote.