Unakariri usingizi saa nane za usiku: kujizuia na kozi ya afya chuoni

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nianze na swali afu msinijibu kwa sauti, mtaumbuana bure. Usiku wa kuamkia mtihani wa kozi ya afya, saa nane, ulikuwa unafanya nini? Ngoja niwajibie: ulikuwa macho, simu pembeni, unakariri notisi zinazosema mtu mzima anahitaji kulala kwa muda wa saa saba au zaidi. Asubuhi ukaandika jibu hilohilo, macho mekundu, ukapewa maksi zako zote. Mnacheka, lakini mada ya leo ndo hiyo.

Maana kwenye kujua hamna shida. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nyie mmeshaliandika hilo kwenye asaimenti mara kibao. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, mnajua. Sasa ukimuuliza mtu mbona hufanyi, anakwambia mi sina nidhamu, roho yangu nyepesi, yaani kajihukumu kashamaliza, na akishasema hivyo hana tena haja ya kubadilisha chochote.

Hii habari ya roho nyepesi tuichunguze kidogo. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha jaribio moja likawa maarufu sana, wanafunzi wamekalishwa mbele ya biskuti za chokoleti zinanukia chumba kizima, afu wengine wanaambiwa nyie kuleni figili tu. Baadaye wote wakapewa mafumbo yasiyo na jibu, na wale wa figili wakakata tamaa mapema zaidi. Basi ikasemwa nguvu ya kujizuia ni kama msuli, ukiutumia unachoka. Nadharia tamu, kila mtu akaibeba. Lakini mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu wazo hilohilo kwa jaribio la aina nyingine, watu zaidi ya 2,000, na athari waliyoipata ilikuwa karibu na sifuri. Mabishano hayajaisha, ila mi ningekuwa nyie ile kauli ya "leo nguvu ya kujizuia imeniishia" nisingeitegemea sana kama utetezi.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi, wa Wilhelm Hofmann na wenzake, ulifanyika Ujerumani ukachapishwa 2012. Watu zaidi ya 200 walipewa vifaa vinavyolia kila baada ya muda, kikilia unajibu: sasa hivi unatamani nini, unapambana nacho au vipi? Ungetegemea wenye kujizuia sana ndo wawe wanapambana kutwa nzima, si ndio? Wapi! Walikuwa na mivutano michache kuliko wenzao. Ukisoma na tafiti zingine unaona watu hao wana mazoea na wanajipanga mapema, kishawishi kinawakuta hawapo.

Kwa hiyo tuache kukaza meno, tupange. Na kupanga sio kusema "wiki hii nitalala mapema", hiyo ni dua. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia kazi sana mipango ya aina ya "ikitokea hiki, nafanya hiki", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakaona inasaidia watu kufikia malengo, tena sio kidogo. Mfano: ikifika saa nne na nusu usiku, nikishapiga mswaki, nachomeka simu kwenye chaja kule mlangoni, afu ndo napanda kitandani. Umeona, kuna saa, kuna kitendo cha kabla, kuna mahali. Najua utaniambia simu ndo alamu yangu. Vizuri sana, ikilia kule mlangoni itabidi uinuke.

Sasa turudi kwenye kusoma, maana watu wanatenganisha hivi vitu wakati ni kitu kimoja. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunga karatasi wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima ndo wakawa wanakumbuka zaidi. Maana yake anayejipima dakika kumi kila siku hana sababu ya kukesha usiku wa mtihani, anakumbuka na analala. Na walimu wenzangu mliopo hapa, kwizi fupi za kila wiki zinamsaidia mwanafunzi kulala kuliko lekcha yenu nzima ya usingizi. Ila msiwape maksi kwa daftari la saa walizolala, wataipika tu hiyo data.

Mazoea yanachukua muda gani? Phillippa Lally na wenzake pale London, 2010, walipata wastani kama siku 66, lakini kuna aliyetumia 18 na kuna waliokadiriwa mpaka 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Naomba mlishike hilo la mwisho, kwa sababu wengi mnakosa Jumanne mnaacha mpaka muhula ujao.

Haya, swali. Ndio dada. Anauliza, mwenzangu chumbani anawasha taa mpaka usiku wa manane, mpango wangu utafanyaje kazi? Swali zuri. Ongea naye mchana, usisubiri usiku mkiwa mmechoka wote, mkubaliane saa ya taa kubwa kuzimwa na yeye abaki na taa ya mezani. Akikataa, tafuta kitambaa cha kufunika macho, na kikao cha kujipima ukihamishie asubuhi wakati yeye bado amelala. Nani mwingine?